Aliyefagia Chini ya Mikorosho ya Felista

Mbekenyera, Ruangwa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na goti lako la kushoto: je, limekubali kukunjika kanisani au bado unasali umekaa? Mimi nakula, nalala kiasi, na ile homa imeniacha. Barua hii anakuletea katekista wetu anayekuja Ruponda harusini. Nimeibandika kwa gundi. Akusomee mdogo wangu Anjela mlango ukiwa umefungwa, na kama gundi imebanduliwa uniambie. Kwenye simu nisingeweza kusema haya. Hapa mtandao unapatikana juu ya kichuguu kando ya njia, na kila apitaye anapunguza mwendo asikie.

Tangu tumzike Felista, watu wamekuwa wema kwangu kupita kiasi, na jambo hilo limeninyima raha. Unajua mimi hapa ni mtu wa kuja. Nilimfuata mke kwao kama desturi yetu, na ardhi ni ya ukoo wake. Mikorosho tuliipanda wote wawili, yeye akichimba mashimo mimi nikibeba maji, lakini shahidi wangu ndiye huyo amelala. Shemeji Damasi, kaka yake mkubwa, amekuja mara kadhaa kuniuliza kama nitakaa. Anauliza kwa upole, huku macho yako shambani.

Utakumbuka Bakari, mtani wetu Myao wa Chunyu, aliyelala mlangoni siku ya mazishi asiache jeneza lipite. Alivaa gauni la Felista, akasema mbele ya wote kwamba marehemu alikuwa mchoyo wa ugali, kwamba sasa mikorosho ni yake yeye, na mimi nirudi Ruponda na godoro langu. Watu walicheka hadi padri akainamisha kichwa. Nami nilicheka, machozi yakinitoka. Utani wa msibani haukasirikiwi, wewe ndiye uliyenifundisha. Lakini wageni walipoondoka, lile neno la mikorosho lilibaki ndani ya nyumba.

Basi msimu ukakaribia, majani yakawa yanafika magotini, na mimi sikuwa na nguvu ya kushika jembe. Siku nilipojikokota kwenda shambani nikakuta mikorosho ya upande wa bondeni imepaliliwa na kufagiliwa, udongo mweupe kama uwanja wa kanisa. Hapakuwa na unyayo hata mmoja. Felista alikuwa anafagia hivyo, akirudi kinyumenyume, asikanyage alipokwisha kusafisha. Kanga yake alikuwa akiitundika kwenye tawi la chini. Sasa tawi lilikuwa tupu.

Sikufurahi, mama. Nani hufagia chini ya mkorosho asipokusudia kuokota? Korosho ikidondoka palipo safi, aliyesafisha ana neno la kusema mbele ya wazee. Nikaunganisha maneno: Bakari ametangaza, Damasi anauliza, na sasa kazi imeanza. Siku zilizofuata eneo lililofagiliwa likazidi kupanuka. Jumapili nilimtazama Damasi akipokea komunyo, nikaangalia kucha zake kama zina udongo. Mimi niliyekwenda kupokea baada yake.

Mwishowe nikaaga kwamba nakwenda sokoni Ruangwa, nikazunguka, nikaingia shambani kwa nyuma. Alikuwa Bakari, amevua shati, anafagia kinyumenyume, akanigonga kwa mgongo.

Nikamuuliza, "Nani kakutuma?"

"Njaa," akasema. "Nimekuja kuiba majani. Huku Wamwera mnayafuga, nikaona ni mali."

"Bakari, sitanii. Ni Damasi?"

Akaegemea fagio. "Damasi hajui. Usimwambie, atataka kuja kusaidia, na yule anafagia kama anafukuza kuku."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungehangaika kunitafutia chakula. Mfiwa hahangaiki." Kisha akageuza uso. "Felista nilimtania mpaka kaburini, mtani. Shamba lake siwezi kulitania."

Akaendelea kufagia. Nikakata tawi la kufagilia, nikaanza upande wa pili.

Sasa korosho zinadondoka na naokota peke yangu. Bakari hajaja kudai hata bibo moja. Nakiri, mama, bado nasikiliza njia nikisubiri aje. Moyo ukishazoea kuchungulia hauachi mara moja. Tena yeye ni mtu wa msikitini, na mimi ndiye ninayesikia kila Jumapili kwamba tutoe bila kupiga tarumbeta.

Ndipo nikachukua fagio la Felista nikaenda kufagia kwa siri shambani kwa jirani yetu, Mama Tekla. Mumewe amepooza upande mmoja, na mikorosho yao inachelewa kuzaa. Nakwenda wakati anamwogesha mgonjwa. Ninarudi kinyumenyume. Mwanzoni nilitamani aniulize kanisani, nijifanye sijui. Hakuuliza.

Alhamisi jumuiya yetu ilisali nyumbani kwake. Wakati wa maombi Mama Tekla alisimama, akasema kuna mtu ananyemelea mikorosho yake sababu mume hawezi kusimama, na ameshapeleka habari kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akaomba Mungu amfichue mtu huyo. Damasi, aliyekaa jirani yangu, akanitazama mikono.

Wote wakaitikia amina. Nami nikaitikia, mama. Bado safu mbili hazijafagiliwa. Nitazimaliza, kisha nitakwenda kumwambia, maana hofu niliyomtia naijua ilivyo.

Msalimie baba mdogo anayetunza mbuzi, na shangazi muuza mihogo, mwambie kanga aliyomletea Felista nimeitundika kwenye tawi la chini. Anjela asome taratibu.

Mwanao akupendaye,
Petro

Fagio liko chini ya kitanda. Katekista asijue.