Kingpini za Maji ya Chumvi

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Lori la chumvi la shemeji Mwambire limerudi tena gereji. Kingpini, zile pini nene zinazoshika magurudumu ya mbele kwenye ekseli, zimelika, magurudumu yanachezacheza. Mara ya tatu mwaka huu! Za dukani hazidumu huku, maji ya chumvi yanapenya kwa chini, grisi inageuka uji. Nimechoka. Safari hii nachora zangu mwenyewe: mfereji wa grisi unaozunguka mpaka bushi ya chini, na mpira wa kuzuia maji. Mwambire akauliza kama nina hakika. Kwani mimi nimeanza kukereza jana?

Jumatano, 6 Agosti
Nimekereza tatu kutoka ekseli kuukuu — mbili za kufunga, moja ya mfano. Nzuri, jamani! Nikazichoma zikaiva nyekundu, nikazichovya kwenye ndoo ya maji ya chumvi, vile marehemu baba alivyofanya majembe yake kule Tezo. Zimekuwa ngumu, tupa haikwaruzi hata kidogo. Natamani mzee angekuwepo azishike.

Alhamisi, 7 Agosti
Zimefungwa. Usukani mwepesi.

Ijumaa, 8 Agosti
Shangazi yake Mwambire anazikwa kesho Bamba. Lori limeoshwa, litabeba jeneza na waombolezaji kutoka hapa Malindi. Dada yangu Kahonzi anamtangazia kila mtu kwamba vyuma vya mbele katengeneza kaka yake. Najivuna, sifichi.

Jumamosi, 9 Agosti
Saa nne asubuhi. Amin, fundi jirani, kaja kuona ile ya mfano. Akaigeuzageuza. Akauliza niliichovya kwenye nini. Nikamwambia. Akasema taratibu: chuma hiki kilitaka mafuta, maji ya chumvi yanakipoza ghafla mno. Na jembe halibebi watu.

Nikabisha! Akaipaka mafuta ya taa, akaipangusa, akanyunyiza unga wa chaki. Tukangoja. Mstari wa ufa ukajitokeza kwenye chaki, mwembamba kama unywele, umeizunguka yote katikati.

Zote tatu zilitoka moto mmoja, ndoo moja. Ee Mungu wangu.

Lori liliondoka saa mbili. Simu ya Mwambire imezimwa. Amin kapanda pikipiki kuwafuata, lakini atawafikia wapi? Najaribu ya Kahonzi. Inaita tu.

Saa nne na nusu. Kapokea! Nasikia nyimbo za msiba. Wamepita Ganze, anasema, watu arobaini na marehemu, na kaka, lori linakwenda kama jipya, wote wanakusifu. Nikasema lori lisimame. Hakusikia. Nikapiga kelele: kingpini zangu ni mbovu, zina ufa, mwambie mumeo asimame!

Kasikia sasa. Naandika simu ikiwa sikioni. Anamwambia. Mwambire anajibu kwa mbali, bila wasiwasi: atasimama wakimaliza mteremko huu —