Somo Yako Tunamwacha Huku

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama, na baba umfikishie shikamoo yake. Presha imeshuka? Na lile goti, bado linakusumbua ukiinuka kwenye mswala? Mimi natembea, nakula, Alhamdulillahi. Lakini kaa chini kwanza, mama. Kama dada Mwanaidi ndiye anayekusomea, mwambie asome polepole na asiruke kitu.

Siku zote hizi nilizokuwa nakuandikia kwenye simu kwamba mtandao mbaya, nilikudanganya. Mtandao upo. Sauti ndiyo sikuwa nayo.

Mtoto hatunaye, mama.

Unajua tulikuwa safarini, mimi na mkweo Bakari, tunaipeleka boti ya tajiri yetu huku Marekani, yeye nahodha, mimi mpishi. Zikiwa zimebaki siku mbili tufike, usukani ukaharibika. Bakari hakulala wala hakukaa. Ndani ya siku hizo mtoto akaacha kucheza tumboni. Nikajiambia amelala, bahari imemchosha kama ilivyonichosha mimi. Nilimwona Bakari anavyohangaika na spana zake, nikanyamaza. Nilinyamaza siku mbili nzima. Hilo ndilo linalonila.

Tukaingia mto mmoja wenye mji mdogo, tutengeneze usukani kisha tuendelee. Ni mji wa Wagiriki, wazee wao walihamia zamani kuzamia sifongo, zile za kuogea. Mbele ya gati maduka yamezipanga makapu kwa makapu, na wazee wanakaa nje na vikombe vidogo vya kahawa wakibishana kwa sauti. Nusura nidhani niko kwetu Chumbageni. Bibi mmoja muuza sifongo, anaitwa Despina, mjane wa nguo nyeusi, alinitazama nikishuka botini.

"Miezi mingapi?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Saba."

"Anacheza?"

Nikaweka mikono tumboni. Akafunga duka palepale, akamwita Bakari, akatupeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe.

Daktari alinipitishia kile kipimo tumboni, akatazama, akarudia. Akasema, "Poleni sana. Moyo haupigi." Bakari akamwambia, "Jaribu tena." Akajaribu tena.

Nilimzaa kesho yake alasiri. Msichana. Nywele nyingi, na kidevu ni chako kabisa, kwa hiyo tukampa jina lako. Ni somo yako, mama. Nilimshika mpaka walipokuja kumchukua, na sikuwa na la kumwambia ila nisamehe.

Msikiti uko mji mwingine, mwendo wa saa nzima. Watu wa pale, Mungu awalipe, walitoa sanda na mahali kwenye makaburi yao. Bakari alimwosha kwa mikono yake. Mimi nilikuwa kitandani, damu haijakata. Despina akabaki nami. Hakuniambia nitapata mwingine, kama walivyosema manesi. Alisema tu, "Na mimi yalinipata," kisha akawa ananisuka nywele, ovyo ovyo, hajui kusuka.

Sasa usukani umetengenezeka, na ruhusa yetu ya kukaa nchi hii inakwisha. Jana nikamwambia Bakari sipandi boti kabla sijaliona kaburi. Akanipeleka. Tukakuta makaburi mawili madogo, yote udongo mbichi, hayana kibao. Bakari akatazama hili, akatazama lile.

"Ni lipi?" nikamwuliza.

"Siku ile lilikuwa moja tu."

"Bakari, ni lipi?"

Akachuchumaa akaanza kulia. Hata siku alipomzika baba yake sikumwona akilia vile. Tulimpigia simu mtu wa msikiti, haikupokelewa. Basi nikakaa katikati, mkono mmoja huku, mkono mmoja kule. Kusoma Kurani sikuweza kwa hali yangu ya uzazi, nikawaombea dua wote wawili. Huyo mwingine sijui ni mtoto wa nani.

Tunaondoka kesho asubuhi. Bakari anasema atapiga tena simu waweke kibao, anasema tutarudi. Najua haturudi, na yeye anajua. Uliniambia nije nijifungulie kwako, nikakwambia bado kuna muda. Kila nikiinama kuosha vyombo nakusikia. Usiniambie ni kudra, mama, najua ni kudra. Nigombeze kwanza.

Msomeeni hitima. Mama mkwe kule Ushongo asiambiwe kwa simu, dada aende mwenyewe akae naye. Nisalimie mjomba Hamza, na shangazi Riziki mkunga, mwambie asione haya kunitajia mtoto tutakapoonana. Na majirani wakikuuliza kama mwanao ameshazaa, mama, usiwajibu bado. Hapana, wajibu. Waambie amezaa. Waambie amezaa msichana.

Mwanao akupendaye,
Halima