Mikato Miwili kwenye Mzinga

Mgori, Jumanne mchana. Upepo uliamka kabla yetu na mpaka sasa haujatulia, vumbi limeingia hadi kwenye sufuria ya maharage. Nimekasirika tangu asubuhi na sitaki mtu wa kunituliza.

Daudi amedanganya kanisani, mbele yangu, bila hata kupepesa macho.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza: Daudi ni mwenzangu wa miaka kumi na tano. Kimila tulishamalizana na ndugu zamani, na Jumapili hii tunabariki ndoa. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka sitini na moja, yeye ananizidi miwili. Si harusi ya watoto.

Leo asubuhi tulikwenda kwa katekista kumalizia fomu. Katekista nilimfundisha darasa la nne, kwa hiyo shikamoo yake kwangu huwa ndefu. Akasema Jumapili angependa kuwasimulia waumini kidogo jinsi tulivyokutana, watu wafurahi. "Mlikutana wapi, mwalimu?" Kabla sijafungua mdomo, Daudi akajibu: "Kwenye kwaya."

Kwaya!

Mimi sijawahi kuimba kwaya. Nikiimba jikoni, mbwa anatoka nje. Katekista mwenyewe anajua, lakini akainama na kuandika "kwaya" kwa mwandiko niliomfundisha mimi. Njia nzima ya kurudi Daudi alisukuma baiskeli mbele, mimi nyuma.

Basi nitaandika hapa ilivyokuwa, maana hapa hakuna wa kunijibia.

Mume wangu wa kwanza, Simoni, alifariki akaniachia mizinga ishirini ya magogo msituni. Huku kwetu mzinga hauna mlinzi. Kinachoulinda ni alama ya mwenyewe iliyochongwa ubavuni mwa gogo. Alama ya Simoni ilikuwa mikato mitatu. Kila msimu alizipitia na shoka lake dogo akazichonga upya, kwa sababu mvua na mchwa havina adabu. Alipoondoka, shemeji yangu aliniambia mara mbili nikazichongeshe. Nikasema msimu ujao. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, nilikuwa na majonzi, visingizio havikunipungukia.

Msimu wa pili wa ujane wangu nikaingia msituni na shemeji kurina asali. Chini ya mti wetu nikamkuta mwanamume mrefu nisiyemjua. Mzinga alishaushusha kwa kamba, ndoo mbili zimejaa masega, moshi bado unafuka.

Sikumsalimia. Nilipiga kelele ya mwizi kwa sauti ya kuwaita wanafunzi mstarini, na warinaji wote waliokuwa karibu wakaja mbio.

Hakukimbia. Nyuki wanamtembea shingoni, akasema taratibu, "Mama, mzinga huu ni wangu. Tazama alama. Mikato miwili." Nikamfokea zaidi. Shemeji akathibitisha kwamba mti ni wa Simoni, wa yule bwana ni ule wa jirani, miti yenyewe inafanana kama pacha. Mwisho Daudi akaomba radhi mbele ya watu wote, akazibeba zile ndoo mpaka kwangu.

Wiki iliyofuata akaja tena, na shoka dogo. Siku tatu nzima alichonga alama kwenye mizinga yangu kumi na tisa, hakuomba hata maji. Siku ya tatu nikampikia ugali na mlenda. Akala akamaliza, halafu akaniambia chumvi imezidi. Nikajua huyu atarudi.

Ndivyo tulivyokutana, nikiwa na miaka arobaini na sita na nikidhani mambo hayo yamenipita. Ninaipenda hadithi hii. Ndiyo sababu nilipofika nyumbani nilimlipukia. Unaionea aibu? Unanionea aibu mimi?

Aliegemeza baiskeli ukutani, polepole. "Unataka asome Jumapili kwamba bwana harusi alikamatwa na asali ya bibi harusi? Wacheke, na wewe ucheke nao kama siku zote? Nimechoka, mama." Akachukua panga akaenda msituni bila kula.

Nilibaki nafoka peke yangu, kwanza kwa Daudi, halafu kwa kijiji kizima. Maana ni wao waliotunga ule utani wao, kwamba alianza na asali akamalizia na mwenye asali. Wanausema kwenye misiba, wanausema kwenye ngoma. Asali ya mtu ikipotea, macho yote kwa Daudi, eti masihara. Kikundi cha wafugaji nyuki kilipochagua mwenyekiti, mtu akauliza mwizi atalindaje mizinga, watu wakaangua kicheko. Hakuchaguliwa, na hakuna anayewajua nyuki kuliko yeye.

Siku ile mimi nilicheka kuliko wote.

Nimeandika sentensi hiyo nikasimama, nikaenda nyuma ya jiko. Mzinga ule tuliougombania msituni upo pale, umepasuka, kuku wanatagia humo. Nimemfukuza kuku mmoja nikapitisha kidole kwenye alama. Mikato mitatu.

Sasa nitasema ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Siku ile msituni pia nilipitisha kidole. Ilikuwa miwili. Wa tatu ulikuwa umeliwa na mchwa, pamebaki kishimo tu kama cha punje ya mtama. Nilielewa palepale kwamba mtu yeyote angekosea, na kwamba kosa lilikuwa la ule msimu ujao wangu. Lakini watu walishakusanyika, na mimi mwalimu sikuwa na mazoea ya kukosea mbele ya watu. Nikasogea, kanga yangu ikaifunika alama. Nikaagiza mzinga uletwe nyumbani. Jioni hiyo nikauchonga mkato wa tatu mwenyewe, kwa shoka la Simoni.

Daudi alipokuja na shoka lake, mzinga wa ishirini ulikuwa tayari. Aliutazama, akatikisa kichwa, akasema kumbe macho yameshaanza kuzeeka. Nikamkaribisha kiti.

Miaka kumi na tano mwanamume huyu ameamini kwamba aliona vibaya. Ameomba radhi kwa kosa langu, akavaa jina la mwizi, akalala kitandani kwangu, na mimi nikaiita hadithi nzuri. Hasira yote niliyomtupia asubuhi imenirudia mwenyewe, na hainitoshi.

Nitamwambia leo, kabla hajanawa mikono. Akisema Jumapili haipo, basi haipo, ana haki. Sitalia ili anionee huruma.

Ila Jumapili kanisani nitakwenda, awepo asiwepo, na huo mzinga nitaubeba, kuku watafute pengine pa kutagia. Katekista akifika kwenye kwaya yake nitasimama. Nitawaambia ilikuwa mikato miwili, niliiona, nikaifunika. Na nitasema kwa sauti ileile niliyomwitia mwizi.