Dada, filamu ile haikuwa ya talaka

Dada yangu Hadija,

Salamu nyingi kutoka Molenbeek, huku Ubeljiji. Sisi wote wazima, baridi tu ndiyo inatutafuna. Usishangae kuona karatasi. Najua siku hizi kila kitu ni vocal, sauti ya kutuma kwenye simu, lakini vocal ungeifungulia watu uani hapo Buyenzi, mucheke wote. Karatasi utaisoma kwanza peke yako. Mwandiko wangu unaujua, shule mimi niliichungulia tu, donc soma polepole. Ukimaliza, wengine wakitaka kusoma, wasome.

Bon. Unakumbuka filamu ya talaka?

Utaisahau wapi! Kaseti ile aliiacha Mubeljiji mumoja alipokuwa anarudi kwao, ikaangukia kwa Mama Shabani jirani yetu, sababu ni yeye tu alikuwa na dekki ya video. Filamu ya zamani, nyeusi na nyeupe, watu wanaimba, wanacheza dansi, wanaanguka. Yote Kifaransa. Na sisi wanawake wa uani, nani alijua Kifaransa? Eti wewe, sababu ulifika darasa la sita. Basi kila Alhamisi baada ya alasiri, mikeka inatandikwa, waume hawaruhusiwi kuingia, na wewe unasimama kando ya televisheni na kijiti mukononi, unatufasiria.

Na mimi? Mimi niko nyuma, nimeshika waya. Ule waya ulilegea, nikiuachia kidogo tu picha inaruka. Filamu nzima niliiona kwa pembeni, shingo imepinda kama kuku, na makofi yote ni yako. Nilikuwa na miaka dix-huit, kumi na nane tu. Nafasi yako ile nilikuwa naitamani mpaka usingizini.

"Wanawake wenzangu," unaanza, "mutazameni yule bwana munene mwenye sigara. Ana wake wawili. Na kila mumoja ameambiwa, mama, ni wewe peke yako!"

"Muongo huyo!" Mama Shabani anapiga kelele.

Halafu anatokea mwanaume mwembamba na kibao chake cha mbao, eti mutumwa wa yule bwana, anakipiga mbele ya uso wa muke wa kwanza, ta!

"Talaka moja hiyo!" unasema.

"Astaghfirullah!" uani kote.

Ta! "Mbili!" Ta! "Tatu, basi tena, ameachika!" Wanawake wanashika vichwa. Na yule mwanamuke ameachika tatu, lakini tazama, bado yuko ndani ya nyumba anarusha miguu, manyoya kichwani.

"Sasa Hadija," Mama Shabani anauliza, "ameachika na bado anacheza humo humo?"

"Yuko kwenye eda."

"Eda gani ya manyoya?"

"Eda ya wazungu, mama. Kwao eda ni dansi."

Looh! Tulihesabu mara moja, tukafika talaka kumi na nne. Na mukasema yule bwana alikuwa na hasira, talaka ya hasira haihesabiwi, mukabishana mpaka magharibi ikaadhiniwa. Mimi bado nimeshika waya.

Sasa nikuambie ya huku. Mimi huku nina jina, Dada. Jumapili wanawake wa kwetu wote wako kwangu, naweka chai, naweka maandazi, nawapa habari. Nani amehama Laeken, nani binti yake amepata muchumba, kwa nini fulani hasalimii fulani. Juma zima napiga deki kule kliniki Woluwe, nimenyamaza kabisa, nakusanya tu. Jumapili nafungua mudomo. Ndiyo furaha yangu hiyo.

Lakini hata hapo, Dada, unanifuata. Niko katikati ya habari tamu, nimefika pale pale, simu ya Mama Shabani, naye tangu ahamie huku hakosi kwangu, inalia tin! "Ngoja Zaina, ni vocal ya Hadija." Wanaiweka katikati ya meza, juu ya kitambaa changu, wanainamisha vichwa vyote kama wanaomba dua. Wanacheka mpaka machozi. Mimi niko hapo, mwili muzima, birika mukononi, na wao wanasikiliza simu! Siku moja nilikohoa kwa makusudi. Mama Shabani akaniambia, "Toka nje ukohoe, hatusikii."

Basi mwezi uliopita napita mbele ya nyumba ya mutaa, ile ya mikutano ya majirani, hapa karibu na kanali, ule mufereji wa mashua, naona picha mulangoni. Nani? Yule bwana wa sigara! Cinéma, dimanche, bure, filamu za zamani. Moyo ukaruka. Nikawapigia wote, alors Jumapili hiyo chai hakuna kwangu, tunaenda kumuona muachaji. Binti yangu Rehema nikamuchukua pia, sababu huyo kazaliwa hapa, Kifaransa ni chake.

Nimekaa mbele kabisa, Dada. Katikati. Kiti cha kitambaa.

Yule mwembamba akaja, kibao, ta! Mimi na Mama Shabani kwa sauti moja, "Talaka moja!" Kuna bibi wa Kibeljiji kando yetu akageuka, akatutazama kwa miwani. Rehema akanivuta mukono.

"Maman, talaka gani?"

"Si huyo anaachwa?"

"Haachwi na mutu. Hicho ni kibao cha kupigia filamu. Wanahesabu mara ngapi wamerudia."

"Na mume?"

"Hakuna mume. Yule ni patron wa sinema. Anatengeneza filamu, hajui filamu ni kitu gani, anauliza kinyozi wake kama hadithi ni nzuri. Kinyozi akisema weka ngamia, anaweka ngamia. Filamu nzima wanawacheka watu wa sinema, maman."

Nikatazama tena pale mbele. Halafu, Mungu anisamehe, furaha iliyonipanda! Nilihisi kama mutoto aliyemukuta dada yake anadokoa nyama. Wale wanaoandika-andika na mashine huku wanaimba, uliotuambia ni makarani wa kadhi? Ni watu wa kutunga hadithi, kila wakimaliza patron anawachania. Yule mwenye lile bomba la kupazia sauti, uliyetuambia ni mujomba wa bibi harusi? Ndiye anaongoza muchezo. Na ile nyumba inayoanguka mwisho, uliyosema ni laana ya mume asiyegawa siku sawa? Ukuta wa mbao na karatasi, Dada! Unaanguka mbele ya watu, watu wanacheka, patron anasimama anasema eti ndivyo alivyotaka, ni kichekesho. Umesikia? Na yeye alikuwa muongo kama wewe.

Nikashindwa kungoja. Nikasema kwa nguvu, "Hadija alitudanganya miaka yote!" Yule bibi wa miwani akaweka kidole mudomoni, "chut!"

Tuliporudi kwangu nikasimama mwenyewe katikati ya salon, nikaanza kuwafasiria filamu ya kweli. Nilisema yote, patron, kinyozi, ngamia. Nilijitahidi wallahi. Mumoja akachukua simu yake. Mwingine akauliza kama kuna sukari. Mama Shabani akanitazama kwa huruma, na huruma yake mimi siipendi.

"Zaina, mama, kaa chini," akasema. "Yako ni kweli. Lakini ya Hadija ilikuwa tamu. Bon, anakuja lini? Ile karatasi yake ya kuja, komine wamejibu?"

"Bado," nikasema. "Unajua mambo ya komine."

Dada. Hapo ndipo nataka usome polepole.

Watu wa ofisi ya komine hawajachelewesha kitu. Ile prise en charge, karatasi ya mimi kusema ndiye nitakupokea na kukulaza kwangu, bila hiyo visa huombi, haijawahi kufika komine. Iko hapa. Iko kwenye kabati, chini ya vitambaa vya Idi, miezi trois sasa, mitatu mizima. Kila ukinipigia nakuambia vumilia, wewe unaniambia "haidhuru mudogo wangu, Mungu yupo," na mimi nakata simu napika chai. Nilikuwa naona tayari, wewe kwenye kochi langu, wanawake wamekuzunguka, na mimi natoka jikoni na sinia hakuna hata anayenitazama. Kwangu! Nyumbani kwangu mwenyewe!

Lakini kuna kitu ndani ya ile filamu kinanisumbua tangu siku ile. Katikati, yule mwanamuke wa kwanza amekaa anapakwa poda, anaimba kidogo, amefurahi, anajua filamu ni yake. Mulango unafunguka. Anaingia wa pili na maua, nguo ile ile, ameahidiwa filamu ile ile. Na wa kwanza anamuona kwenye kioo. Anatabasamu tu, anaendelea kuimba, lakini macho, Dada, macho.

Nikakumbuka. Hapo wewe hukuwa unafasiri. Kila Alhamisi, pale pale, unashusha kijiti, unasema, "Hapa tazameni tu." Na mimi nilidhani umechoka. Nilifurahi hata, nilisema moyoni, leo maneno yamemuisha.

Mwaka ule ndio shemeji Issa alikuletea muke wa pili, si ndiyo? Akamuweka chumba cha mbele. Wewe ulimupikia chakula cha kumukaribisha, ukavaa kitenge kipya, ukaimba na watu. Na Alhamisi ukasimama kando ya televisheni ukatuchekesha. Mimi nalala nyumba hiyo hiyo na sikuona. Nilikuwa naona kijiti tu.

Kifaransa hukukijua, sasa najua. Darasa la sita lako lilikuwa la maneno mawili matatu. Lakini ulimutazama usoni yule mwanamuke ukajua ameahidiwa kitu kile kile alichoahidiwa mwenzake. Rehema na masomo yake yote alichukua saa nzima kunielezea jambo hilo hilo.

Bado nina wivu, usidhani nimetakasika. Juzi Mama Shabani ameichekea tena vocal yako kwenye metro, peke yake, simu sikioni, watu wanamutazama, nikataka kuibwaga ile simu. Huu wivu nilizaliwa nao, utanikuta nao. Ila wivu wa kukutamania kijiti na wivu wa kukufungia mulango, huo wa pili unanitia aibu, hata kuswali nilikuwa naswali haraka haraka.

Jumatatu nilimuomba chef wa kazini ruhusa, nikavaa vizuri, nikaenda komine na Rehema. Yule mama wa dirishani akauliza, "C'est qui pour vous, madame?" Yaani huyu ni nani wako. Nikamuambia ni dada yangu mukubwa, ndiye aliyenilea, anajua kuongea sana. Rehema akasema maman, hajauliza yote hayo. Nikaisaini ile karatasi. Herufi zilipinda, lakini zimekubaliwa. Wakiimaliza wataigonga muhuri, nitakutumia, na wewe utaipeleka kwa watu wa visa. Wasipokupa, hapo si mimi tena, na nitalia kweli kweli.

Nisamehe hiyo miezi trois. Ukitaka kunitukana, nitukane kwa barua, si kwa vocal.

Na jambo moja tu naomba. Mama Shabani anawaambia watu wote eti yeye ndiye atasimama mbele siku utakapotua, eti tayari ameshona na nguo. Mukatalie. Muambie wa kwanza kukumbatiwa ni mimi.

Mudogo wako wa tumbo moja,
Zaina