Akaunti ya Onzima Hakim Bado Inaandika

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo kidogo cha polisi, Wilaya ya Koboko
Tarehe 14 Machi 2025, kuanzia saa tatu na nusu asubuhi

Jina: Driciru Helen
Umri: Miaka 41
Kazi: Muuza mbegu na majembe
Makazi: Koboko mjini
Kuhusu: Kupotea kwa Onzima Hakim, miaka 46

Mimi niliyetajwa hapo juu ninasema kwa hiari yangu, kwa Kiswahili, nikijua kwamba nikisema uongo nitashtakiwa.

Onzima Hakim ni fundi wa simu na redio. Karakana yake imepakana na duka langu tangu mwaka 2014. Miaka mitatu iliyopita alianzisha mtandao tunaouita Mkeka. Watu wanaandika humo bei ya mihogo, misiba, mikutano na malalamiko. Mkeka hauna mwenyewe mmoja. Kila mji una kompyuta yake na msimamizi wake: Koboko, Arua, Inde, na Ariwara upande wa Congo. Kompyuta hizo zinapelekeana habari, na moja ikiharibika nyingine zinaendelea. Hakim alitunza ya Koboko. Mimi nilimsaidia kuondoa matusi na uongo.

Hivyo ndivyo tulivyokubaliana. Lakini kwa kweli kila mji ulimsikiliza Hakim. Wakigombana Inde, walimpigia Hakim. Wasimamizi wa Arua na Inde walimpa hata paswadi zao, wakisema wao watasahau.

Mnamo tarehe 18 Januari 2025, saa nne asubuhi, alikuja kwenye mkutano wetu mtu anayeitwa Chrispin. Alisema ni meneja wa Zeruba, kampuni ya intaneti yenye ofisi Arua. Alisema kampuni itaziweka kompyuta zetu katika jengo lake, kwenye umeme usiokatika, na hakuna kitakachobadilika.

Nilimuuliza, "Kama hakuna kitakachobadilika, nyinyi mnapata nini?"

Alicheka. Akasema, "Mama, sisi tunapenda jamii."

Tulikuwa watu kama themanini. Hakuna aliyepiga kura. Mzee mmoja wa Kuluba alisimama akasema, "Hakim akisema iko sawa, iko sawa." Hakim aliniangalia. Betri zetu zilikuwa zimekufa tangu Krismasi, na alikuwa amechoka. Akasema iko sawa. Wa Arua na Inde wakamfuata. Régine, msimamizi wa Ariwara, ndiye peke yake aliyekataa; kompyuta nyingine tatu zikapelekwa kwenye jengo la Zeruba, Arua.

Mnamo tarehe 3 Machi, wakulima wa Lobule waliandika kwenye Mkeka kwamba watu wa Zeruba wamepiga vigingi katika mashamba yao ili kujenga mnara, bila kuwauliza. Kufikia jioni maneno yao yote yalikuwa yamefutwa. Nilimuuliza Hakim. Akasema, "Si mimi. Mimi sasa naingia kama mgeni tu."

Mnamo tarehe 10 Machi, saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye karakana yake Chrispin alipoingia. Wakulima wale hutumia majina ya utani, naye alitaka majina yao ya kweli. Alisema kampuni inataka kuwatembelea tu. Hakim akamjibu, "Majina iko kwa kichwa yangu. Haiko kwa kompyuta." Chrispin akasema, "Basi kitunze hicho kichwa." Akatoka bila kuaga.

Kesho yake, Jumanne tarehe 11, saa mbili asubuhi, Hakim alipanda gari kwenda Arua kuirudisha kompyuta ya Koboko. Alikuwa amefunga. Alimwambia mke wake, Zam, kwamba atarudi kabla ya futari.

Saa sita na dakika ishirini mchana alinipigia simu. Alizungumza polepole. Akasema, "Driciru, nimefika. Wamenileta kwa chumba. Kompyuta haiko. Iko kiti tu." Nilimuuliza, "Kiti gani?" Simu ikakatika. Tangu hapo haipatikani.

Saa saba na nusu, akaunti yake iliandika kwenye Mkeka: "Ndugu wapendwa, nawasalimu kutoka Arua. Nimepata chakula kizuri cha mchana pamoja na viongozi wa Zeruba na nimeridhika nao. Wasikilizeni kama mnavyonisikiliza mimi." Zaidi ya watu mia mbili walipongeza.

Nilikimbia kwa Zam. Alikuwa anachagua maharage. Nilimsomea. Akasema, "Soma tena hapo kwa chakula." Nikasoma tena. Akasema, "Hakim hajakula mchana wa Ramadhani tangu akiwa mtoto." Jioni alipika uji wa futari kama kawaida, akamwekea bakuli lake. Nilikaa naye mpaka uji ukapoa.

Tarehe 12 nilikwenda Arua, nikafika ofisi ya Zeruba saa tano asubuhi. Chrispin alisema Hakim hakufika kabisa. Nilimwonyesha maneno yale kwenye simu. Akasema, "Hiyo ni akaunti yake. Mwulize yeye."

Nilimwandikia Hakim nikiwa nimesimama pale pale mbele ya meza. Jibu lilikuja haraka: "Niko salama, dada Helen." Hakim hajawahi kuniita Helen, wala dada. Chrispin hakuwa na simu mkononi. Alikuwa ananitazama tu.

Tarehe 13, akaunti hiyo iliwaambia wakulima wa Lobule waende kwenye banda la Zeruba lililoko njia panda, waandikishe majina yao ya kweli ili walipwe fidia. Nilisimama njiani tangu saa mbili asubuhi, nikawaambia wasiende. Mama mmoja mwenye baiskeli aliniuliza, "Wewe nani? Hakim mwenyewe amesema." Walinipita watu thelathini na mmoja. Niliwahesabu kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya.

Mchana Régine alinipigia kutoka Ariwara. Akasema, "Helen, ule mutu anaandika si Hakim. Mimi nimekata njia yenu yote. Unisamehe." Nilimwambia amefanya vizuri. Sasa kompyuta ya Ariwara haipelekeani habari na zetu, na hapa Koboko hakuna anayeweza kusoma onyo la Régine.

Leo asubuhi nilimwambia Zam, kwa mdomo tu, kwamba ninakuja polisi. Sikumwandikia mtu yeyote. Nikiwa bado njiani, saa tatu kasorobo, akaunti ya Hakim iliniletea ujumbe: "Dada Helen, polisi wana kazi nyingi. Rudi dukani."

Ninaomba Hakim atafutwe akiwa hai. Tulimpa mtu mmoja masikio yetu yote, na mimi nilikuwa mmoja wa waliompa.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimesomewa, ni sahihi, ninatia sahihi yangu.

(Sahihi) Driciru Helen

MAELEZO YA AFISA: Nimeyaandika mimi, Koplo Lako Marino, na kumsomea shahidi. Simu yake nimeichukua kama kielelezo tangu saa tatu na nusu. Imekuwa mezani kwangu wakati wote, na shahidi hakuigusa. Saa tano na dakika kumi, shahidi akiwa anatia sahihi mbele yangu, akaunti ya shahidi mwenyewe iliandika kwenye Mkeka: "Ndugu wapendwa, nimezungumza na Hakim. Nilikosea. Nendeni mkaandikishe majina."