Swichi Nilizozipanga

Mjukuu wangu Mutua,

Kabla ya salamu, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu: mashine ya kukata stika ya Mama Naserian, mwajiri wangu, niliiharibu mimi.

Hapa Kitengela hatujambo, na kikohozi cha baba yako kimepungua. Najua mimi ni shangazi yako tu na nimemaliza shule juzi, lakini tangu nirithi jina la nyanya nyote mnaniita Nyanya, basi nisikilize.

Uliuliza nani alinifundisha kukata stika. Kosa langu ndilo lililonifundisha. Nikipanguza vumbi, niliona swichi ndogo nyuma ya mashine, zingine juu, zingine chini. Nikazipanga zote juu ili zipendeze. Tangu hapo, tukiituma ikate jina la duka, ilikata mistari ovyo.

"Yule muuzaji wa Namanga ameniuzia mgonjwa!" Mama Naserian alisema. "Nitamrudishia."

Kwa hofu nilisoma kijitabu cha maelezo ya mashine siku mbili. Kumbe swichi hizo huchagua lugha ya amri ambayo mashine inasikiliza. Kompyuta ilituma lugha moja, mashine ikingoja nyingine. Nilijikumbuka nikiwa darasa la kwanza, nikijua Kikamba pekee, mwalimu akidhani mimi ni bubu.

Nilirudisha swichi, zingine juu, zingine chini, kama kijitabu kilivyoonyesha, ikakata herufi safi.

"Ngai! Msichana wangu ameiponya!" Akanikumbatia. Nami nikaendelea kukata stika.

Lakini bado anamsema vibaya yule muuzaji kwa kila mteja. Jumamosi nitamwambia ukweli, hata akinifukuza. Mpaka asikie kutoka kwangu mwenyewe, tafadhali usimwambie mtu, hata baba yako.

Nyanya yako,
Mwende