Kwa Wairimu, Uliyepita Kona ya Kisiagi Taa Zikiwashwa

Dada Wairimu, mwenye miguu,

Niaje huko Ubelgiji? Nakuandikia mbele ya watu wote kwa sababu ujumbe wa simu unausoma na kunyamaza, na ukinipigia unakata mara tu nikianza kusema ukweli. Hii huwezi kukata. Watu wa Thika na Ruiru wataisoma, wataniuliza umejibu nini, nami nitawaambia umeshindwa kumjibu kijana aliyeachia shule kidato cha pili.

Juzi ulinipigia ukiwa umejifungia bafuni ili wenzako wasisikie. Ukasema kila mbio za baiskeli unafika wa mwisho, lile gari linalookota waliochoka likikufuata nyuma kama mbwa wa jirani. Ukasema Jumapili utamwambia kocha akukatie tiketi ya kurudi nyumbani. Nilitaka kukujibu palepale, lakini mdomo ulikuwa umejaa chapati. Kwa hivyo jibu lako ni hili, na ni refu, tulia.

Unakumbuka mbio zetu za jioni? Wageni hudhani mlichagua jioni kwa sababu ya hewa nzuri. Hewa gani, bana. Ni vile kabla ya jioni kila mtu alikuwa kazini. Wewe ulikuwa unasambaza maziwa mtaa wa Kahawa Sukari tangu alfajiri, Mwas mwenzako wa baiskeli yuko buchani anakata mifupa. Mnaanzia nyuma ya maduka ya Witeithie jua likiwa tayari limeinama, na mkifika Gatuanyaga kwa mama yako, kuku wameshaingia kulala. Hapo kona ya kisiagi cha unga, karibu na geti la huyo mama yako, shangazi ninayemwita Tata, ndipo nilipokuwa nawangoja. Mimi, mpiga picha mkali kuliko wote kutoka Ruiru hadi Thika. Sijasikia mtu akibisha, ukitoa wewe.

Shida ilikuwa giza. Picha zangu zote ulitokea kama moshi uliovaa helmeti.

"Hii ni mimi?" uliniuliza siku moja ukichungulia kioo cha kamera.

"Ni wewe."

"Na huu mkia?"

"Ni mkono wako."

"Basi kesho nipige upande ule mwingine, tuone kama nina pembe."

Flashi ya usoni niliijaribu mara moja tu. Ilimwingia Mwas machoni, akanyoosha moja kwa moja hadi ndani ya mahindi, akatoka na majani kwa meno akisema nikirudia atanipima kwa kilo. Hapo ndipo ulipoleta ile akili yako kubwa. Ukaenda stejini, pale bodaboda hungojea abiria, ukaazima kwa wenyewe zile jaketi zao za kung'aa, mkazivaa wote, ukaniambia nisimame mbali, nipige flashi kidogo tu kutoka pembeni. Nikapiga. Jaketi zikawaka kama jua na nyinyi mkapotea kabisa. Baiskeli kumi, nguo kumi, vichwa hakuna. Tata aliangalia ile picha muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya kanisa, "Hawa ndio wamenyakuliwa mbinguni?" Hadi leo kanisani kwao kuna mtu anaitwa Jaketi kwa sababu ya picha hiyo, na hiyo ni kazi yako, si yangu.

Tulicheka hadi pale huyo kocha wako wa Ubelgiji alipotuma ujumbe. Alitaka kuona picha yako ukiwa kwenye kasi: mgongo, miguu, sura, vile unavyokaa juu ya baiskeli unapoumia. Alitaka kabla ya wiki kwisha, na mbio zilizobaki zilikuwa za Jumamosi moja. Mimi nilikuwa na picha zako nyingi kweli, zote za moshi.

Ulikuja kwangu Ruiru. Nilidhani umekuja kunibembeleza. Ukala ugali wangu wote, ukapangusa mikono, ukasema, "Unajua shida yako? Unaningoja. Unasimama hapo kama mtu wa stejini. Usiningoje. Kuja na mimi."

"Nije wapi na mimi sina baiskeli?"

"Na kiuno unacho. Mimi nikiwa nyuma ya Mwas, nikisimama kumwangalia anakuwa vumbi tu. Nikishika mwendo wake, namwona hadi uchafu wa kola."

Nilikucheka. Halafu usiku sikulala vizuri, kwa sababu ilikuwa kweli. Kukiwa na giza kamera lazima ifungue jicho kwa muda, na ukiisimamisha kama mlingoti, anayepita anajichora kama moshi. Lakini ukigeuka naye, mwendo wako na wake ukiwa mmoja, yeye ndiye anabaki wazi na dunia nzima inageuka moshi. Wewe hujawahi kushika kamera hata kwa bahati mbaya. Uliniambia kitu cha kamera kwa kutumia kola ya muuza nyama. Mpaka leo sijakusamehe.

Nilifanya mazoezi kwa kuku wa Tata. Nazungusha kiuno, kuku anakimbia, nazungusha tena. Mama yako akaita jirani: "Njoo umwone mtoto wa kaka yangu, anawachezea kuku wangu dansi ya mugithi." Kuku mmoja aligoma kutaga, na bado ananitazama vibaya.

Jumamosi ikaja na mawingu. Taa ya kisiagi ilikuwa moja, balbu ile ya manjano juu ya mlango, na kila aliyepita chini yake alikuwa na mwanga wa kufumba na kufumbua. Nilisikia minyororo kabla ya kuona mtu. Mwas akapita, wa pili akapita, na mimi nilikuwa nimeshaanza kugeuka na wewe hata hujafika kwenye mwanga. Nikageuka, goti likagonga jiwe, nikaendelea kugeuka. Nikabonyeza.

Ulikuwepo, Wairimu. Jicho, taya, ulimi umeuuma kidogo kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Tope la jana kwenye shavu. Ukuta wa kisiagi, miti, watu waliokuwa wanapiga makofi, hata wale waliokuwa mbele yako, vyote vilikuwa mistari ya rangi. Siku hiyo ulimaliza wa tatu na hakuna hata mtu mmoja ameniuliza. Wanaiangalia tu ile sura. Nimewapiga wengi tangu hapo, wenye baiskeli za maana, lakini sijaona mtu anayeumia vizuri hivyo. Haya, nimesema. Usizoee.

Kocha aliiona, akakuita. Mengine unayajua.

Ile picha iko kwa Tata, juu ya televisheni, kwenye kile kitambaa cheupe ambacho hata mimi sikubaliwi kugusa. Nilimpelekea habari zako za bafuni. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua kichwa. "Akitaka kurudi, arudi," akasema. "Chakula kipo. Lakini hii kona aipite na baiskeli, si na teksi. Nataka kuona ile sura kwanza." Kisha akachukua leso akapangusa kioo cha picha, na kilikuwa kisafi.

Sasa mimi nafikiria hivi. Huko umeanza kuwangoja wenzako. Unawaangalia wakipita, unasema hawa ni wakali, hawashikiki, na kweli wanakuwa moshi, kwa sababu umesimama. Habari ya kuwa wa mwisho mimi naijua kuliko wewe. Darasani nilikaa huko miaka. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia nigeuze kiuno. Ni wewe. Kwa hivyo chagua mmoja tu, yule mwenye kola chafu, uende naye mpaka uisome. Ukishaisoma, kama bado unataka tiketi, nitakuja kukupokea mwenyewe na nitakubebea begi.

Jumapili, ukiongea na kocha, mimi nitakuwa kwenye kona. Kuna vijana wanashindana kwa baiskeli. Simu nitaiacha ndani kwa Tata, kwa hivyo yeye ndiye atakuwa wa kwanza kusikia utakachosema. Mimi nitakuwa nimegeukia njia ya Witeithie, goti mbali na lile jiwe, nimeshaanza kuja na wewe.

Ni mimi,
mtoto wa mjomba wako, adui wa kuku wa mama yako.